Kibanda cha chapo madondo nyuma ya River Road: msosi saba kwa kumi, stori za benchi kumi kwa kumi

Nimekula hapa karibu miaka mitatu, tangu nianze kazi kwa saiba (duka la intaneti) ya jirani, kwa hivyo hii si rivyu ya mtu alipita mara moja akapiga picha ya sahani akaenda zake. Jina sitaji kwa sababu hakina, ni mabati, turubai la bluu, mabenchi matatu na kibao cha choki kimeandikwa LEO KUNA MATUMBO, na hayo maandishi yako hapo hata siku hakuna matumbo. Ukiingia uchochoro kutoka River Road hapa Nairobi upite mafundi wa viatu, ufuate harufu ya kitunguu kikianza kuungua, umefika.

Tuanze na msosi nisije nikaambiwa nimeanza siasa mapema. Chapo ndio mfalme hapa. Zina tabaka, ukivuta zinaachana kama kurasa za kitabu kilichonyeshewa, na chumvi iko sawa, kitu ambacho vibanda vingi vya tao, yaani katikati ya jiji, havijawahi kuelewa. Lakini zimepungua. Nilipoanza 2023 chapo ilikuwa inafunika sahani yote na kuning'inia kando, saa hii ukiiweka kwa sahani bado unaona yale maua ya sahani pande zote. Bei ni ile ile, mbao (shilingi ishirini), kilichobadilika ni chapo. Siku moja nilimuuliza mathe mwenye kibanda kama mduara umepungua ama ni macho yangu yameongezeka, akanijibu bila kugeuka, "Mwanangu, mafuta ndiyo yanaamua, mimi nasukuma tu."

Na hayo mafuta ndiyo yalifanya mathe, mtu hajawahi kusikiza bajeti maisha yake yote, ajue Mswada wa Fedha wa 2024 ni kitu gani. Kulikuwa na pendekezo la ushuru wa asilimia 25 kwa mafuta ya kupikia na VAT ya asilimia 16 kwa mkate. Kuna kijana mrefu alikuwa anakula hapa, alikuwa amepakua mswada mzima kwa simu, akawa anamsomea mathe kwa Kiswahili cha mtaani huku mathe anasukuma, na kila akifika kwa kitu cha jikoni mathe anasimamisha ule mti wa kusukumia hewani anauliza, "Na hiyo pia?" Nilicheka siku hiyo lakini nikikumbuka saa hii naona hapo ndipo nilielewa kwa nini ile Juni haikuwa kama maandamano ya wanasiasa. Hakuna mtu alikuwa ametutumia fea. Watu walikuwa wamesoma.

Madondo sasa, yaani maharagwe. Mwanzo wa mwezi ni mazito, yana nyanya, yana dania, unaweza kudhani umekuja harusini. Ikifika tarehe ishirini kwenda mbele yanaanza kuelea. Mathe anaongeza maji kulingana na mwezi umefika wapi na hana aibu nayo, kwa sababu tarehe hizo wengi wetu tunakula kwa deni na deni haliwezi kuwa zito. Matumbo yakipatikana ni safi, yanaoshwa vizuri. Sukuma ni sukuma. Ndengu usijaribu, sijui huwa zinafanyiwa nini.

Kitu hiki kibanda kinashinda vingine vyote ni hafu. Hafu ni chapo moja na upawa mmoja wa madondo, finje (shilingi hamsini), na unapewa kwa sahani ile ile ya mtu wa soo, yaani wa mia, si kwa kisahani kidogo cha kukuonyesha wewe ni nani. Inaonekana kitu kidogo lakini uliza mtu yeyote ashawahi kukaa mezani na wenzake akiwa na shilingi hamsini pekee. Hafu ilianza ile 2023, baada ya VAT ya mafuta ya gari kutoka asilimia 8 hadi 16 mwezi wa saba, petroli ikapita mia mbili kwa lita ikifika Septemba, fea nayo ikafuata. Watu wa Kayole na Githurai wakaanza kuchagua, nile lunchi ama nipande gari jioni. Mathe akaona vijana wanakuja wanasimama wanaangalia kibao wanaenda. Siku ya tatu akaanza kuita, "Kuna hafu! Kuna hafu!" Hakuna mtu alimfundisha hiyo biashara.

Mabenchi ni matatu na kila moja lina watu wake, hakuna sheria lakini ndivyo ilivyo. La mbele ni la watu wa haraka, mabroka, makanga. La katikati ni la wazee wa spea za magari kutoka Kirinyaga Road, hao hawaongei wakikula. La ukutani ndio letu, na ni la hilo benchi nataka kuandika kwa sababu msosi mzuri unapatikana pengi, lakini pahali vijana wanane wenye mawazo nane wanabishana kuhusu maandamano bila kutupiana kikombe, hapo ni pachache.

Watu wa nje wanadhani Gen Z wote wanasema kitu kimoja. Kaa hapo lisaa limoja. Kuna msee wa mkokoteni, anatoka soko la Wakulima na viazi kuanzia saa kumi asubuhi, hajawahi kuandamana hata siku moja na hafichi. Anasema, "Nikiandamana leo, leo sili. Nyinyi mko na mtu wa kuwalisha nyumbani." Kuna mtu alijaribu kumwambia anapigania haki zake pia, akamwangalia tu akachovya chapo. Mimi nilikuwa nachukia hayo maneno yake, siku hizi siyachukii. Yeye hesabu yake ni ya siku moja, na mtu wa hesabu ya siku moja huwezi kumwambia angoje matokeo ya mwaka ujao.

Halafu kuna dada anauza kava za simu na chaja. Huyu 2024 alikuwa mbele kabisa, tarehe 18, tarehe 20, na tarehe 25 alifika hadi karibu na Bunge, ile siku wabunge 195 walipitisha mswada dhidi ya 106 na watu wakaingia ndani. Kesho yake rais akasema hatausaini, na huyu dada akaja hapa akanunulia benchi lote chai. Sasa ruka mwaka mmoja. Juni 25, 2025, kumbukumbu ya wale waliouawa, tao ikajaa tena, na ikifika jioni maduka yakaanza kuvunjwa. Kibanda chake kilibebwa chote, kava, chaja, spika ndogo, hadi ile taa ya kuangazia. Ukimuuliza kama maandamano ni mazuri hatakujibu ndio ama la. Anasema wale walivunja hawakuwa wale alikimbia nao. Anasema pia polisi walikuwa wamesimama mita chache na hawakufanya kitu. Halafu ananyamaza anasema, "Lakini stoki ilikuwa yangu." Hapo benchi lote linapata kazi ya kuangalia sahani.

Wa tatu ni kijana wa ofisi, mmoja tu kati yetu mwenye pesilipu, na tunamcheka nayo kila mwezi. Siku moja aliiweka juu ya meza ikapata doa la mafuta, tukaisoma mstari kwa mstari kama mkataba wa shamba. Ushuru wa nyumba asilimia 1.5. Afya asilimia 2.75. NSSF ya uzeeni. PAYE, kodi ya mshahara. HELB, mkopo wa chuo. Akawa anatuonyesha kwa kidole, hii inaenda kule, hii inaenda huku, mpaka kidole kikafika chini na chini hakukuwa na mengi. Msee wa mkokoteni akauliza, "Sasa wewe unalia nini na una kazi?" Na kijana wa ofisi akajibu kitu sijasahau, akasema nyumbani kwao wako watano na yeye ndiye kazi ya wote watano.

Mimi pesilipu sina, nalipwa kwa siku, lakini kazi yangu inanionyesha upande mwingine. Kila Juni saiba yetu inajaa vijana wanakuja kufailiwa ritani za KRA, mamlaka ya ushuru, kabla ya tarehe 30. Wengi ni za nili. Yaani mtu alichukua PIN akiwa kampasi kwa sababu HELB inaitaka, akamaliza shule 2021 ama 2022, hajawahi kuajiriwa, na kila mwaka lazima aje atangaze rasmi kwamba hana mapato, la sivyo faini ni elfu mbili. Nawafailia mimi. Inachukua dakika tano hivi. Unachagua mwaka, unabonyeza, mfumo unakupa risiti, naiprinti, nampa karatasi inayosema kwamba mwaka mzima hakupata kitu, na ananilipa soo kwa hiyo karatasi. Wengine wanaomba nipunguze. Juni 2024 kuna mmoja aliichukua akaikunja akaiweka mfukoni akaniambia anaenda nayo barabarani, kama kitambulisho. Sijui kama alifika nayo. Kila mtu akiniuliza kwa nini maandamano huanza mwezi wa sita huwa namwambia aje akae na mimi kwa hiyo kompyuta, bajeti inasomwa juu, nili inafailiwa chini, wiki zile zile.

Sasa huduma siku ya maandamano, maana najua kuna mtu atauliza. 2024 mathe alikuwa anafungua asubuhi kwa chai na mayai boilo tu, hakuwa anawasha mafuta ya chapo, alisema tiagasi ikiingia kwa unga huo unga umeenda. Ikifika saa tano anashusha bati la mbele nusu, anaweka beseni la maji karibu na mlango. Hakutangaza. Ukikimbia uchochoro macho yakiwaka unaona mkono unakuvuta, unaosha uso kwa maji ya beseni, unapewa kikombe, unakaa chini ya meza ya kukatia sukuma na watu hujui majina. Sikuwa na pesa ile tarehe 20 na hakuniuliza. Bei ya chai haikupanda hata shilingi moja wiki hizo, na nimeona maduka ya maana yakiuza maji ya chupa mara mbili siku hizo hizo, kwa hivyo kwa hilo nampa nyota zote.

Lakini pia alituambia ukweli wake. Alikuwa anasema, "Hiyo serikali ni yenu, mlipiga kura ama hamkupiga, sasa mnanimwagia pilipili kwa jikoni." Kuna siku alimfukuza kijana aliingia na mawe mfukoni, akamwambia aweke mawe nje ndio apewe maji. Yule kijana akayaweka chini moja moja, kama mtu anavua viatu msikitini.

2025 ikawa tofauti, na hii lazima niseme kwa sababu imeathiri huduma moja kwa moja. Juni 17 wahuni wenye rungu na mijeledi walikuja na pikipiki wakachapa waandamanaji mchana kweupe, na siku hiyo hiyo kijana aliyekuwa akiuza barakoa alipigwa risasi ya kichwa na polisi hapo tao, hakuwa na bango, alikuwa na barakoa za kuuza, akafa mwisho wa mwezi. Benchi letu lilishtuka zaidi na huyo kuliko wengine wote, kwa sababu huyo ni sisi. Msee wa mkokoteni, yule haandamani, ndiye alikasirika sana. Alisema, "Sasa hata kukaa kando si kukaa kando." Basi Juni 25 mathe hakufungua kabisa. Tarehe 26 akakuta kufuli imepindwa, mtungi wa gesi hakuna, na sufuria kubwa ya madondo, ile ya kulisha watu mia, haiko. Ilikuwa ya mkopo wa chama, alikuwa amebakisha miezi miwili kumaliza.

Ubishi wa nani alibeba hiyo sufuria umekuwa hapo benchini tangu siku hiyo. Wengine wanasema ni watu wa kukodiwa ili maandamano yaonekane wizi. Wengine wanasema acheni kujidanganya, kuna vijana wetu pia waliingia kwa maduka. Kuna mmoja, ndugu yake ni polisi, kijana tu wa miaka ishirini na sita, alituambia ndugu yake analala na wenzake kwenye nyumba ya mabati na anatoa mshahara nyumbani kama kijana wa ofisi, na ile siku alikuwa tao amevaa kofia ya chuma hajala tangu asubuhi. Hakuna mtu alimpigia makofi. Watu wasiopungua 60 waliuawa kwenye yale ya 2024 kulingana na Tume ya Haki za Binadamu, na si rahisi kumhurumia mwenye bunduki. Lakini hakuna mtu alimwambia anyamaze pia, na hiyo ndiyo sababu narudi.

Msimamo wangu, maana rivyu bila msimamo ni tangazo. Sijutii 2024. Mafuta na mkate viliokolewa na watu waliotembea, na hakuna mwanasiasa ataniambia ni yeye. Lakini Desemba ile ile sheria nyingine za ushuru zikapita zikiwa na baadhi ya yale tuliyokataa, na fea ya kwangu haijawahi kushuka, na kazi bado ni ya siku. Tangu hapo sijaingia barabarani. Nikiwa mkweli ni uoga kidogo na ni soo za nili nyingi zaidi. Wanaosema vijana wa siku hizi ni wavivu wanapenda kelele, mimi nawakaribisha saa kumi asubuhi Wakulima wamsaidie msee wetu kusukuma viazi, halafu waende intavyu saa nne.

Haya, turudi kwa huduma. Malipo ni kashi ama tili, lakini mathe hapendi tili kwa sababu pesa ikiingia huko Fuliza (mkopo wa simu) ya mwanawe inaimeza, walisajili laini moja. Beba chenji. Deni lipo ila lazima ujulikane, na linaandikwa kwa daftari la kurasa tisini na sita, kwa majina ya kibanda si ya kitambulisho: Kijana wa Saiba, Mrefu, Kava, Mkokoteni. Akilipwa anakata na kalamu nyekundu. Kuna moja haijakatwa, Soksi, mia moja na kumi, mwezi wa sita 2025. Alikuwa kijana mdogo wa kuuza soksi kwa mkono, hakuwa anaongea sana, alikuwa wa hafu. Kuna anayesema alirudi kwao Busia, kuna anayesema alionekana Gikomba. Daftari likijaa mathe hununua lingine na kuhamisha madeni, na hiyo ameihamisha mara mbili nikiona.

Usafi ni wa wastani. Vyombo vinaoshwa kwa maji ya moto na sabuni ila taulo la kufutia limeona mengi, mimi nakung'uta sahani tu. Nzi wako mwezi wa embe. Choo ni cha jengo la nyuma, shilingi kumi, mlinzi ana mdomo. Kelele ni nyingi kwa sababu ya duka la redio la karibu, ukitaka kuongea na mtu wa maana mpeleke kwingine. Kanjo, askari wa kaunti, wakipita bati linashuka na unaweza kufungiwa ndani dakika kumi na sahani yako, si jambo, endelea kula.

Kosa kubwa ni muda. Tangu sufuria kubwa iende anapikia madondo kwa mbili ndogo, na ikifika saa saba na nusu yameisha, kabisa, anabaki na ndengu. Nimemlalamikia mara kadhaa. Wa soo wanakuja mapema wanamaliza na wa hafu, ambao wengi wanangoja hadi saa nane ndio mlo uwe lunchi na chajio pamoja, wanakuta ndengu, na hapo ndipo ile sifa ya hafu inapungua makali. Angewatengea kidogo. Anasema akitenga wa mbele watanuna.

Kwa hivyo msosi saba, ningempa nane kama si ndengu. Bei tisa. Enda kati ya saa sita na saa saba, kaa benchi la ukutani kama nafasi iko, ukikuta tumenyamaza usidhani tumekasirika, pengine mtu amepata majibu ya intavyu. Zamu ya mathe ya chama inafika mwezi wa nane, akinunua sufuria nitarudi nirekebishe hii ya saa saba na nusu.